Chaja Isiyojaza: Utatuzi wa Matatizo ya Kuchaji Betri za Sola Nyanda za Juu Kusini

Katika vijiji vingi vya Makete, Rungwe, Mufindi na Njombe ambako nguzo za umeme hazijafika, au zimefika barabarani tu huku nyumba zikiwa bondeni, sola ndiyo inayowasha taa, redio, televisheni na mashine ya kunyolea. Wakati wa kiangazi mambo huenda vizuri. Mvua zikishaanza mwezi Novemba, na mawingu yakalala juu ya milima siku tatu au nne mfululizo, paneli hutoa kidogo mno, na mwenye nyumba hulazimika kuwasha jenereta na kuchomeka chaja. Hapo ndipo malalamiko huanza: betri hazijai, betri zinachemka, jenereta inazimika, petroli inakwisha bure. Hukumu inayotolewa haraka ni kwamba betri zimekufa, na mtu anatumwa Mwanjelwa jijini Mbeya au Mashine Tatu mjini Iringa kununua nyingine.

Kwa maoni yangu, chaja ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza. Dukani huchaguliwa kwa kuangalia namba moja tu, yaani ampea, ilhali mambo yanayoamua kama betri itajaa au haitajaa ni matatu mengine: aina ya betri, baridi ya mahali ilipo, na nguvu halisi ya jenereta itakayoiendesha chaja hiyo. Mwongozo huu unaanza na dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo, ili anayetaka kununua chaja ajue anunue ipi, na aliyekwisha kununua ajue kama anaweza kuirekebisha au aiweke kando.

Vipimo vya kuanzia

Vifaa vinavyohitajika si vingi: maltimita inayosoma volti hadi desimali mbili, mita ya kubana waya yenye uwezo wa kupima mkondo wa DC, yaani umeme wa betri (nyingi za bei rahisi hupima AC, umeme wa jenereta, peke yake na hazina msaada hapa), haidromita, yaani kipimo cha uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, kwa wenye betri za maji (betri za asidi zenye vifuniko vya kuongezea maji), na kipimajoto cha kawaida. Namba nitakazotaja ni za betri ya volti 12 ikiwa kwenye nyuzi joto 25. Mwenye mfumo wa volti 24 azidishe mara mbili, na mwenye volti 48 mara nne. Kitabu cha mtengenezaji wa betri kikitoa namba tofauti na zangu, zifuatwe za kitabu.

Betri ya asidi iliyopumzika, yaani ambayo haijachajiwa wala kutumika kwa saa kadhaa, husoma kati ya volti 12.6 na 12.8 ikiwa imejaa, karibu 12.2 ikiwa nusu, na 11.8 au pungufu ikiwa imeisha. Kupima mara tu baada ya kuzima chaja ni kujidanganya, kwa sababu betri iliyo nusu nayo itasoma 13 na kitu kwa muda. Anayepima alfajiri, jua likiwa bado halijagusa paneli na vifaa vyote vikiwa vimezimwa tangu usiku, ndiye anayepata namba ya kuaminika.

Chaja nzuri hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza husukuma mkondo wake wote hadi volti ifike kiwango kilichowekwa, mathalani 14.4, na hapo betri huwa imefika takribani asilimia 80. Pili, huishikilia volti hiyo hiyo huku mkondo ukipungua wenyewe kadiri betri inavyoshiba, kazi inayochukua saa mbili hadi nne, na zaidi ya hapo kwa betri iliyochoka. Tatu, huishusha volti hadi 13.5 hivi ili kuitunza betri bila kuichemsha. Hatua ya pili, ambayo nitaiita hatua ya kushibisha, ndiyo inayorukwa na chaja nyingi za bei nafuu, na karibu kila tatizo linalofuata linaigusa.

Taa ya kijani imewaka, lakini umeme unakatika kabla ya saa tatu usiku

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina vyanzo vinne ambavyo huweza kukaa pamoja katika nyumba moja, kwa hiyo usiache kutafuta baada ya kukipata cha kwanza.

Anza na chaja yenyewe. Chaja nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya betri za magari hupandisha volti hadi 14.4 na kukata papo hapo. Kwa gari, hilo halina madhara, kwa kuwa betri ya gari hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache wakati wa kuwasha injini, kisha alternata ikairudishia. Betri ya sola hutumika usiku kucha na kushuka hadi nusu ya uwezo wake, na ikikatiwa kwenye asilimia 80 kila mara, sehemu ile isiyojazwa hujenga chembe ngumu za salfeti juu ya bamba za risasi. Baada ya miezi kadhaa asilimia 80 ya chaja inakuwa ni asilimia 80 ya kitu kilichopungua. Kuthibitisha hili ni rahisi: bana waya wa chaja kwa mita ya DC, kisha kaa hapo uangalie. Volti ikifika 14.4 na mkondo ukaanguka ghafla kutoka, tuseme, ampea 18 hadi sifuri, chaja hiyo haina hatua ya kushibisha. Ikiwa mkondo unateremka taratibu, 18, 15, 11, 7, na volti imetulia, hatua ipo. Betri imeshiba pale mkondo unapofika kati ya asilimia 1 na 2 ya uwezo wa betri, yaani ampea 2 hadi 4 kwa betri za ampea-saa 200.

Pili, angalia nyaya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, ukiwa na urefu wa mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, hupoteza karibu volti 0.7 ukibeba ampea 40. Chaja inaonyesha 14.4 kwenye kioo chake, lakini betri inapata 13.7. Chaja huamini kwamba hatua ya kwanza imekwisha, huanza kupunguza mkondo mapema, na kama hatua yake ya pili inahesabiwa kwa saa badala ya kwa mkondo, muda utakwisha betri ikiwa na njaa. Kwa waya wa milimita 25 upotevu huo hushuka chini ya volti 0.2. Weka ncha za maltimita kwenye nguzo za risasi za betri zenyewe, si kwenye kibanio, wakati mkondo ni mkubwa, na ulinganishe na namba iliyo kwenye chaja. Kisha weka ncha moja juu ya nguzo ya risasi na nyingine juu ya kibanio kilichoishika nguzo hiyo hiyo: mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma sehemu kubwa ya volti, fungua kibanio. Mara nyingi utakuta unga mweupe unaoelekea kijani, na chini yake risasi iliyopauka ambayo shaba haikuigusa kwa muda mrefu. Osha kwa maji ya baking soda, sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza, kisha paka grisi kwa juu.

Tatu ni baridi, na hapa ndipo ushauri wa Dar es Salaam unapotupotosha watu wa milimani. Betri ya asidi huhitaji volti kubwa zaidi kadiri inavyopoa. Marekebisho ya kawaida ni milivolti 4 hivi kwa kila seli kwa kila nyuzi moja, ambayo kwa betri ya volti 12 yenye seli sita ni takribani milivolti 24. Asubuhi ya Julai katika banda la betri huko Makete au pembezoni mwa Kitulo, betri ikiwa kwenye nyuzi 8, tofauti na nyuzi 25 ni nyuzi 17, na marekebisho yake ni volti 0.4. Chaja iliyofungwa kwenye 14.4 inapaswa kutoa 14.8. Ikiendelea na 14.4 haitaiharibu betri siku hiyo, wala wiki hiyo. Itaiacha nusu shibe kila siku hadi Septemba, na mwenye nyumba atasema betri zilikufa mara baada ya baridi. Chaja inayofaa huku ni ile yenye kihisi cha joto kinachobandikwa ubavuni mwa betri. Kihisi kilichojengwa ndani ya chaja hupima joto la chaja, na chaja ikifanya kazi hupata moto, hivyo hukosea kuelekea upande mbaya kabisa. Kama yako haina kihisi lakini inaruhusu kubadilisha volti kwa mkono, ipandishe mwezi Juni na uishushe Septemba, baada ya kuhakikisha kwamba inveta na taa zinazobaki zimewashwa zinavumilia volti hiyo. Inveta nyingi za volti 12 hujizima zikiona 15 au zaidi kidogo.

Ni haki pia kusema kwamba baridi yenyewe hupunguza kile betri inachoweza kutoa. Kwenye nyuzi 10 betri ya asidi hutoa pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na nyuzi 25, na kwenye sifuri upungufu hukaribia sehemu moja ya tano. Taa ikizimika nusu saa mapema mwezi Julai, usikimbilie kulaumu chaja.

Chanzo cha nne ni salfeti iliyokwisha kukomaa. Kwa betri za maji, haidromita ndiyo mwamuzi. Chaji kadiri chaja inavyoweza, subiri, kisha vuta asidi ya kila seli na usome. Seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na iliyo nusu karibu 1.190. Asidi ikiwa baridi husoma zaidi ya ukweli, kwa hiyo toa 0.004 kwa kila nyuzi 5 au 6 zilizo chini ya 25. Seli zote zikiwa zimelingana kwenye 1.220, betri hazijashibishwa, na bado zina matumaini. Seli moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya 0.050, hiyo imeharibika na chaja haitaiponya.

Pale seli zinapokuwa chini kwa pamoja, kuna tiba ya kusawazisha: baada ya betri kujaa, huendelezwa kwa mkondo mdogo hadi volti 15.5 au 16, kwa saa chache, huku haidromita ikisomwa kila saa hadi namba zisipopanda tena. Vifaa vyote vitenganishwe kwanza, vifuniko vya seli vikaguliwe, dirisha liwe wazi, na kazi isimame betri ikipata joto la nyuzi 50. Tiba hii ni ya betri za maji peke yake.

Betri zinachemka na maji yanakauka

Betri ya maji huanza kutoa mapovu inapokaribia volti 14.4. Mapovu kidogo mwishoni mwa kuchaji ni ya kawaida na yana faida, kwa kuwa huchanganya asidi nzito iliyokaa chini na ile nyepesi ya juu. Kinachosumbua ni kuchemka kwa saa nyingi, harufu kali inayochoma pua, na maji ya betri kushuka chini ya bamba ndani ya wiki chache.

Chanzo cha kwanza ni chaja isiyo na udhibiti, ile ya transfoma nzito yenye swichi ya kuchagua ndogo na kubwa, ambayo mafundi wa betri za magari mjini huitumia chini ya uangalizi wao. Haikati wala haipunguzi kitu. Ukiisahau usiku kucha itaipeleka betri hadi volti 16 na kuendelea. Kwa mtu anayekaa kando ya betri na mita mkononi inafaa. Kwa nyumba haifai, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Chanzo cha pili ni kuhama. Mkoa wa Mbeya una sehemu ambazo mtu huvaa koti saa sita mchana na nyingine, kama Kyela, ambako joto la ziwani humfuata hadi kitandani. Chaja iliyopandishwa volti kwa mkono kwa ajili ya Tukuyu au Makete, ikiteremshwa Kyela bila kubadilishwa, itakausha betri. Kwenye nyuzi 35 volti sahihi si 14.4 tena, ni karibu 14.15. Kihisi kilichobanduka ubavuni mwa betri na kuning'inia kwenye hewa baridi kitaleta matokeo hayo hayo, kwa hiyo kikague kabla ya kubadilisha chochote.

Chanzo cha tatu ni seli iliyopata shoti ndani ya betri moja. Seli tano zinapokea volti zilizokusudiwa kwa sita, zinachemka, na ile mbovu imetulia kimya. Ukifungua vifuniko wakati wa kuchaji utaiona: tano zinatoa mapovu, moja haina hata kimoja.

Maji ya kuongeza yawe yale yaliyosafishwa yanayouzwa madukani kwa ajili ya betri, na yaongezwe baada ya kuchaji, isipokuwa kama bamba ziko wazi, ambapo huongezwa kiasi cha kuzifunika tu kabla ya kuanza. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati si mbadala, na maji yaliyochemshwa ndiyo mabaya zaidi kwani chumvi zake zimebaki ndani. Asidi haiongezwi kamwe kwa sababu kilichopotea ni maji tu. Jambo jingine, kwa kuwa huku baridi huwafanya watu waingize betri ndani ya nyumba: hewa ya haidrojeni inayotoka kwenye betri inayochemka huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba. Betri na jiko la mkaa havikai chumba kimoja.

Betri kavu imevimba

Acha kuchaji, tenganisha, itoe nje, na usiirudishe kazini. Hakuna utatuzi wa betri iliyovimba, kuna kujua tu kilichoivimbisha ili inayofuata isipate yaleyale. Wauzaji wengi huita betri kavu aina mbili za betri za asidi zisizofanana, AGM (asidi imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) na jeli (asidi imegandishwa). Ya AGM kwa kawaida huvumilia 14.4 hadi 14.7, ya jeli hutaka karibu 14.1 au 14.2, na ikisukumwa zaidi hupata mapovu ndani ya jeli yasiyoondoka tena. Hakuna kati yao inayokubali kusawazishwa. Kwa hiyo chaja yenye kitufe cha kuchagua aina ya betri ina thamani, na chaja ambayo huanza kusawazisha yenyewe kila baada ya wiki kadhaa bila kukuuliza ni hatari kwa mwenye betri kavu. Soma kibandiko cha betri kabla ya kusoma cha chaja.

Jenereta inaguna, inazimika, au chaja inakata na kurudi

Hesabu inayofanywa dukani huwa hivi: ampea 40 mara volti 14.4 ni wati 576, kwa hiyo jenereta ya kilowati moja inatosha na inabaki. Haitoshi, kwa sababu tatu zinazopandana.

Chaja hupoteza sehemu ya umeme kwa joto. Ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, wati 576 za upande wa betri zinahitaji karibu 680 upande wa jenereta. Kisha, chaja za kawaida zisizo na kirekebisho cha mkondo (PFC) huvuta umeme kwa vipande vifupi vyenye kilele kirefu, na jenereta hulazimika kubeba mkondo mkubwa kuliko wati zinavyoonyesha. Kwa kigezo cha nguvu (wati zikigawanywa kwa volti-ampea) cha 0.65, ambacho si cha ajabu kwa chaja hizo, wati 680 zinakuwa zaidi ya volti-ampea 1,000. Kisha kuna mwinuko. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700, na uwanda wa Kitulo karibu 2,600. Jenereta iliyoandikwa kilovolti-ampea 1 ikifika huko juu imebaki na robo tatu tu ya kile kilichoandikwa, na hata hiyo haipaswi kuendeshwa hadi ukomo kwa saa nyingi.

Dalili zake ni injini kubadilisha sauti chaja inapoanza, moshi mweusi na plagi yenye masizi kwa sababu mchanganyiko una petroli nyingi kuliko hewa, na taa ya chaja kuwaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache. Pima volti za jenereta chaja ikiwa inafanya kazi: zikishuka kutoka 230 hadi chini ya 200, chaja inajikata kwa kujilinda, inapopumzika volti zinapanda, inaanza tena. Chaja nyingi zenye kioo huruhusu kupunguza mkondo; shusha hadi ampea 25 na uone kama utulivu unarudi. Ukirudi, chaja haina ubovu na jenereta haina ubovu, ila hazikuoana. Fundi wa jenereta anaweza pia kubadilisha jeti ya kabureta iwe ndogo kulingana na mwinuko, jambo linalopunguza moshi na petroli, ingawa nguvu iliyopotea kwa wembamba wa hewa haitarudi yote.

Anayenunua sasa na ataishi na jenereta ndogo atafute chaja iliyoandikwa kwamba ina kirekebisho cha mkondo chenye kigezo cha 0.95 au zaidi. Ni ghali, lakini kwa ampea 40 zilezile itavuta karibu volti-ampea 700 badala ya 1,000 na kitu, na tofauti ya bei ya jenereta mbili inaweza kuizidi tofauti ya bei ya chaja mbili.

Petroli inakwisha kabla betri hazijajaa

Tuchukue betri za maji za jumla ya ampea-saa 400 zilizoshuka hadi nusu. Zinahitaji kurudishiwa ampea-saa 200, na pamoja na upotevu ni karibu 230. Chaja ya ampea 10 itahitaji takribani saa 23, muda ambao hakuna mwenye akili timamu atakaoendesha jenereta. Tundu la volti 12 lililo kwenye jenereta nyingi ndogo hutoa ampea 8 hivi, halina udhibiti, na liliwekwa kwa ajili ya kuiokoa betri ya gari iliyolala, si zaidi ya hapo.

Kwa betri za maji, chaja iwe kati ya asilimia 10 na 13 ya ampea-saa za betri zote kwa pamoja, yaani ampea 40 hadi 50 kwa betri za 400. AGM nyingi hukubali asilimia 20 au zaidi. Chini ya asilimia 10 utachoma petroli bure. Juu sana ya kiwango utazipasha betri joto. Ongeza pia umeme unaotumika wakati huohuo, kwa maana friji ikivuta ampea 8 wakati wa kuchaji, ampea hizo hazifiki kwenye betri, na chaja inayosubiri mkondo upungue haitajua kwamba betri imeshiba.

Hata chaja ya ukubwa sahihi haiwezi kuharakisha hatua ya kushibisha, kwa kuwa ni betri inayokataa kupokea haraka. Kwa hiyo wakati ndio wa kupanga. Washa jenereta asubuhi mapema, iache ifanye hatua ya kwanza ambayo injini inabeba mzigo kamili, uizime mkondo ukishashuka hadi nusu, kisha paneli zimalizie kwa ampea chache zitakazopatikana kati ya mawingu. Anayewasha jenereta saa kumi na mbili jioni analazimika kumaliza kwa petroli kile ambacho mwanga hafifu wa mchana ungekimaliza bure. Angalia tu kwamba kidhibiti cha sola na chaja vimewekwa kwenye volti zinazolingana, kwa sababu kidhibiti kikiona 14.4 zilizoletwa na chaja kinaweza kuhitimisha kwamba kazi yake imekwisha na kushuka hadi 13.5 kwa siku nzima.

Chaja haiwaki, au inasema hakuna betri

Kagua fyuzi na mwelekeo wa nyaya kwanza. Chaja nyingi za kisasa hukataa kuanza betri ikiwa chini ya volti chache. Suluhisho ni kuiunganisha kwa muda na betri nyingine yenye umeme ya volti zilezile, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, chaja ikianza uiondoe. Unganisha vibanio kwenye betri kabla ya kuwasha umeme wa chaja, na uzime kabla ya kuviondoa, ili cheche isitokee juu ya mapovu.

Betri moja inabaki nyuma ya wenzake

Katika mfumo wa volti 24 chaja huona jumla tu. Ikisoma 28.8 inaridhika, hata kama betri moja ina 15.2 na nyingine 13.6. Pima kila moja peke yake mwishoni mwa kuchaji. Tofauti kubwa hutokana na kuchanganya betri mpya na kuukuu, au na kuchomoa volti 12 kutoka kwenye betri moja ili kuendesha redio. Tenganisha, chaji kila moja kwa chaja ya volti 12 hadi ishibe, kisha uziunganishe tena. Zikiachana tena baada ya mwezi, inayobaki nyuma imechoka. Kwa betri zilizounganishwa sambamba, waya chanya wa chaja uanze betri ya kwanza na hasi uishie betri ya mwisho, ili zote zipate mgawo ulio sawa.

Wenye lithiamu

Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfati hazihitaji kusawazishwa kwa volti kubwa wala kuongezewa volti kwa ajili ya baridi; zinataka 14.2 hadi 14.6 kisha kuachwa. Chaja ya zamani yenye hatua ya kuondoa salfeti haifai kwao. Hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, na alfajiri za umande wa barafu huko Kitulo hilo si jambo la kufikirika tu. Ikiwa mita inasoma sifuri kwenye nguzo zake, huenda kidhibiti cha ndani kimejifunga baada ya betri kuisha, na chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kukiamsha ndiyo inayotakiwa.

Dukani

Muuzaji ataanza na ampea. Mwache aseme, kisha uliza: "Kaka, ikifika hatua ya kushibisha inashikilia volti ngapi, na kwa muda gani?" Akijibu, "Hii ni original, mkuu, inajaza yenyewe," omba kitabu chake. Chaja ambayo kitabu chake hakitaji volti za kila hatua, hakitaji kihisi cha joto cha nje, na hakitaji umeme inaouvuta upande wa jenereta, irudishe kwenye rafu hata kama kasha lake linameta. Ukishapata inayotaja yote matatu, siku ya kuifunga andika ukutani kwa kalamu isiyofutika volti za kwenye nguzo za kila betri, mkondo wa mwisho wa kuchaji, nyuzi joto na tarehe. Fundi atakayeitwa mwaka ujao atahitaji namba hizo kabla ya kuhitaji bisibisi.